Tundu Moja Lisilo na Gundi

Bi Uzi hakuwa mtu wa kuambiwa kitu chake kimezeeka. Jina hilo alipewa na wateja, maana hakutoka nje hata siku moja bila nyuzi za rangi kunasa kwenye nywele. Alikuwa fundi wa kutarizi: beji za shule, majina kwenye makoti ya wauguzi, nembo za timu. Mashine yake kubwa ilipokea amri kutoka kwa kompyuta moja tu, ile ya kijivu pale pembeni, yenye programu ambayo hata walioitengeneza walishaisahau.

Michoro ilitoka kwa bintiye wa pekee, aliyeolewa mbali. Binti anachora, anatuma kwa barua pepe, mama anatarizi. Kila mchoro ulipoingia, Bi Uzi alipiga simu kuukosoa, na humo humo ndimo walimoongelea mengine yote: mgongo, mume, mvua. Bila mchoro hawakuwa na pa kuanzia. Kupigiana simu ya kusema nimekukumbuka tu, hao wawili hawakuiweza.

Mtandao ulikuwa wa jirani, Mpiga Picha, aliyemgawia bure, wa hewani, usio na waya. Siku moja akaweka kiboksi kipya cha kurushia mtandao, chenye ulinzi wa kisasa. Bi Uzi akaandika nywila kwenye kompyuta yake. Ikafikiri weee, ikakataliwa. Akaandika tena kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Akaizima, akaiwasha, akaifuta vumbi, akaitukana kwa adabu. Wapi!

"Tatizo si nywila, Bi Uzi," Mpiga Picha akamwambia. "Kompyuta yako ni ya zamani mno. Ulinzi huu mpya haiujui kabisa."

"Basi rudisha ule wa zamani."

"Siwezi. Nina picha za vitambulisho vya watu kwenye kompyuta zangu. Ule wa zamani mwizi anauvunja huku anakunywa chai."

"Kwa hiyo wateja wako ndio watu, mimi kinyago?"

Akaondoka amefura. Alikuwa amekosea, lakini nani angethubutu kumwambia?

Mtu mwingine angeleta michoro kwa flashi, yakaisha. Kwa Bi Uzi njia hiyo haikuwepo. Zamani flashi ya mteja iliingiza virusi, vikafuta kazi zake zote. Alilia kama mfiwa, kisha akachukua gundi ya viatu akaziba kila tundu la flashi, mbele na nyuma, lisibaki hata moja. Kipanya na kibodi vilinusurika kwa sababu plagi zao zilikuwa za duara, za enzi hizo.

Wiki zikapita, michoro haifiki. Binti akapiga simu, fupi.

"Mama, tafuta mchoraji wa hapo karibu. Mimi nakuchelewesha tu."

"Haya," akajibu Bi Uzi, yeye ambaye hakuwahi kukubali jambo bila ubishi. Kisha akakaa na simu mapajani. Kazi kusimama hakukumtisha sana. Aliogopa kwamba mwanawe ataizoea siku isiyo na mama ndani yake.

Upande wa pili wa ukuta, Mpiga Picha alikosa raha. Alizoea kufanya kazi huku mashine ikivuma, na sasa kimya kilimkera kuliko kelele. Akaja kubisha hodi, kiboksi kidogo mkononi.

"Nimekuja tugombane tena."

"Pita," akasema Bi Uzi. "Siku ile ulisema kweli, nikakutolea maneno. Nisamehe."

Mpiga Picha, ambaye alijiandaa kwa vita, hakujua aweke wapi uso. Akajificha nyuma ya kompyuta na tochi. Mara akaangua kicheko mpaka akakaa sakafuni.

"Nani kafanya unyama huu?"

"Mimi. Hilo pana nililiacha, halikufanana na la flashi."

Hilo pana lilikuwa tundu la waya wa mtandao. Mpiga Picha akachomeka waya, upande wa pili akauchomeka kwenye kile kiboksi.

"Hiki kinaujua ulinzi mpya. Kitaongea na changu hewani, halafu kiipe kompyuta yako mtandao kwa waya. Ila nimeifungia: inachukua barua za binti yako tu, kwingine haitoki. Kwa umri wake, ikizurura huko itarudi na magonjwa."

"Iache itulie nyumbani. Kuna mwenzake hapa."

Mchoro ukaingia: nembo ya timu ya wasichana, tai amekunjua mabawa. Bi Uzi akavaa miwani, akausogelea, akapiga simu bila hata salamu.

"Bawa la kushoto umelibana. Nyuzi zitarundikana hapo, sindano ivunjike. Nimekuambia mara ngapi?"

Akagonga kioo cha kompyuta kwa kidole, palepale kwenye bawa.

"Unanisikia wewe?"

"Nakusikia, mama." Sauti ilikuwa imelowa. "Hebu sema tena."

Bi Uzi akaanza upya, kwa ukali zaidi.