Makohozi ya Kuazima

Mtaani walimwita Mama Pasi, maana shati alilolinyoosha yeye lilikaribia kusimama lenyewe. Kikohozi kilipomganda kifuani, tajiri wake pale kwenye duka la dobi hakumfokea. Alimwambia tu akapime, na asirudi kushika nguo za watu bila majibu safi.

Mama Pasi alijua majibu yatakuwaje. Aliwahi kuugua kifua hichohicho zamani, akanywa dawa hadi akapata nafuu, akaona yamekwisha, akaziacha njiani. Hilo hakumwambia mtu. Basi alipopewa kikopo cha makohozi kituo cha afya, alirudi nacho kwenye chumba walichopanga na mdogo wake, na asubuhi akamtikisa bega.

"Nikoholee humu."

"Dada! Hata makohozi unaazima?"

"Wewe una kikohozi cha unga tu. Hakina neno."

Mdogo wake alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga, na huko nani asiyekohoa? Alicheka mpaka akakohoa kwelikweli, akatema, akafunga kifuniko.

"Haya. Na usinirudishie."

Siku ya majibu, tabibu alimkalisha karibu na dirisha lililo wazi.

"Mama, ni kifua kikuu cha mapafu, na maabara imethibitisha. Wengine makohozi yao hayaonyeshi kitu, tunawatambua kwa dalili na picha ya kifua. Kwenye haya yako vimelea vimejaa. Maana yake unaambukiza, mpaka dawa zifanye kazi."

Mama Pasi alitazama midomo ya tabibu ikienda. Alingoja hofu imwingie, au machozi, kama mtu mwingine yeyote. Hakuna kilichokuja. Alikuwa baridi kama pasi iliyokatikiwa umeme, na macho yake yakawa yanafuata mikunjo ya pazia ambalo mtu alilinyoosha vibaya.

"Umewahi kutumia dawa hizi?"

Mama Pasi akaendelea kuhesabu mikunjo ya pazia.

"Nauliza kwa sababu mgonjwa mpya na aliyeacha dawa akarudi hatuwaweki fungu moja. Aliyeacha, huenda vimelea vyake vimeshazizoea. Lazima tumpime zaidi ndipo tumpangie tiba."

"Huyo ni mpya," Mama Pasi alisema.

"Nani, mama?"

"Mwenye makohozi. Ni mdogo wangu. Aliyeacha dawa ni mimi."

Tabibu aliweka kalamu chini. Hakumgombeza, na hilo ndilo pekee lililomuuma siku hiyo, tena kidogo tu. Alimpa kikopo kingine na barakoa mbili, akamwambia mdogo mtu aletwe leoleo.

Mashineni kelele zilikuwa zilezile. Mdogo wake, mweupe kwa unga hadi kope, alimwona mlangoni.

"Vipi dada, nimefaulu?"

Mama Pasi alijibu, lakini mashine ikayameza maneno. Mdogo wake akaizima, akaja mbio amsikie vizuri, mkono umeshanyooka kumshika bega kama kawaida yao. Mama Pasi akarudi nyuma.

"Mbona unanikimbia?"

"Unaumwa wewe," alisema, kwa sauti ileile ya kuuliza shati la nani hili. "Nimekuambukiza mimi."

Mdogo wake alitabasamu, akisubiri aambiwe kwamba ni utani.