Kofia ya Bhoke

Juzi sokoni Mugumu nilisikia harufu ya losheni ya jua, na wivu wangu wa zamani ukaamka.

Dada yangu Bhoke alizaliwa na ualbino. Hata alasiri moja ya utoto wetu, ya baridi na mawingu, tulipokuwa tunaanua ulezi juu ya mwamba, mama alimpaka losheni hiyo tamu, akamvika kofia pana na miwani myeusi. Mimi nilipakwa samli, nikanuka zizi. Nilidhani ndivyo anavyotunzwa mtoto anayependwa.

“Mama, mbona unampaka na leo hakuna jua?” nikauliza.

“Lipo nyuma ya mawingu. Linamuunguza vilevile.”

Nikamnong'oneza Bhoke tubadilishane. Akavua miwani, macho yakimchezacheza kwa mwanga, akaitazama mikono yangu.

“Chukua vyote,” akasema, “ila uniachie hiyo ngozi yako.”