Meza Yangu ya Maua, Wenye Wivu Mlie

Kakuma nzima hakuna mwanaume anapamba meza kunishinda. Hata Lodwar hayuko.

Leo wakwe wa dada yangu Akiru walikuja chai ya asubuhi, mara ya kwanza kwetu. Nikatandika leso. Nikajaza jagi maua ya njano, katikati mekundu, kutoka shamba ya mama nyuma ya nyumba.

Rafiki yangu Ekai akapita, akacheka mpaka akashika ukuta.
"Wewe ni kijana ama ni bibi harusi?"
Cheka tu, buda. Sikutoa hata moja.

Wageni wakafika. Tukasalimiana kwa Kiturkana: ejok, ejok noi! Mama ya bwana harusi akayagusa maua: "Hii nyumba inajua kupokea watu."
Ekai, umesikia?

Halafu mama akatoka na birika. Akaangalia meza. Akaangalia shamba. Akamimina chai, macho bado kwa maua.

Wageni walipoenda akaniuliza polepole, "Lokwang, bamia hutoka wapi kama si kwa maua?"

Meza ilikuwa kali na nitapamba tena. Anayecheka aweke picha ya meza yake hapo chini.

Lakini nakubali moja. Bamia ambazo mama amekuwa akimwagilia na maji ya kuoshea vyombo tangu mvua ikatae, nimezimaliza zote kabla hazijazaliwa.