Mkaguzi Aliyealikwa

Kila asubuhi, kabla hajatoka kununua mkate, Mkaguzi husimama mbele ya lifti ya jengo lao na kubonyeza kitufe. Taa haiwaki. Hutega sikio kwenye ufa wa mlango kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa, kisha hukipangusa kitufe kwa kona ya mtandio wake na kwenda zake. Jirani akimkuta hapo humsalimia bila kuuliza kitu. Kila mtu anajua kwamba lifti imekufa, na kila mtu anajua ni nani aliyeichagua kampuni iliyoiacha ife.

Jina analo, lakini jengo zima humwita Mkaguzi. Sehemu kubwa ya maisha yake alikagua shule, na alikuwa na mtindo wake. Hakutoa taarifa. Alitokea siku ambayo hakuna aliyemtarajia, akaipita ofisi ya mwalimu mkuu kana kwamba haioni, akaenda moja kwa moja kutazama vyoo. Kutoka hapo aliingia darasa la nyuma kabisa, akajibana kwenye dawati na watoto, akawauliza mambo madogo madogo. Jana mwalimu wenu alikuja? Mvua ikinyesha mnakaa wapi? Ofisini alifika mwisho, na mwalimu mkuu alipoanza kujieleza, yeye alikuwa ameshajua yote. Wakaguzi wapya aliwaambia, "Ukitoa taarifa, utakagua ufagio tu. Shule hutaiona."

Jengo analoishi si kubwa. Kila nyumba ina mwenyewe, ila ngazi, paa, tangi la maji, taa za korido na lifti ni vya wote. Kwa miaka mingi vilitunzwa na mzee mmoja aliyekaa chumba cha chini na kuzijua tabia za kila bomba. Alipochoka na kuhamia kwa mwanawe, wakazi walikubaliana watafute kampuni ya kusimamia majengo. Wakaunda kamati ya watu watatu: Mkaguzi akawa mwenyekiti, mwenye duka la dawa lililo chini ya jengo akawa katibu, na wa tatu alikuwa Dereva, mzee aliyestaafu kuendesha malori na ambaye mpaka leo hupanda ngazi huku akiunguruma kama anabadilisha gia.

Ghorofa ya juu kabisa aliishi Mama Pindo, mshonaji. Yeye na Mkaguzi walihamia pale wakati mmoja, wote bado na nguvu zao, na tangu hapo hawakuachana. Mama Pindo alivunjika nyonga zamani, ikaunga vibaya. Ngazi kwake zilikuwa ni adhabu.

"Mimi sijui kampuni wala nini," alimwambia Mkaguzi huku akishona kifungo. "Chagueni mnayemtaka, hata kama ana pembe. Mimi nataka lifti. Siku lifti ikifa, na mimi hapa nimekwisha."

"Usiwe na wasiwasi, mwenzangu. Shule zote zile nimezikagua, nitashindwa na kakampuni?"

"Haya, bosi. Nakuachia roho yangu mkononi."

Walicheka wote wawili.

Kampuni tatu ziliitikia tangazo lao. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mmoja mpana wa mabega, bisibisi imechomoza mfukoni. Hata kukaa hakukaa. Aliomba ufunguo wa chumba cha mashine juu ya paa, akapanda, akarudi na utando wa buibui kichwani. Akauliza maswali ambayo kamati haikuwa na majibu yake: nani anaihudumia lifti hii? Maji yakikatika, mkazi anampigia nani? Mkishampigia, anakuja yeye au anatuma mtu?

"Mota yenu imechoka," alisema. "Inataka fundi mmoja anayeijua, si wa kuokoteza. Mkiiacha hivi, itawasimamia njiani."

Alipoondoka, mwenye duka la dawa alikunja uso. "Ametusimanga utadhani tumekwenda kuomba kazi kwake."

"Mama Bisibisi!" Dereva alichekelea. "Yule ukimuoa, kila asubuhi anakupima oili kabla hujanywa chai."

Kampuni ya pili ilifika wakati kamati imeshatawanyika, kwa hiyo ikajiondoa yenyewe.

Ya tatu ilimleta Meneja, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likakatika mistari. Mkaguzi alipoingia, kijana alisimama.

"Shikamoo, Mkaguzi."

"Marahaba. Na wewe umeniitaje?"

"Nikuiteje tena, mama? Wewe ulikuja kukagua shule yetu nikiwa mdogo. Siku ile mwalimu mkuu alitembea kwa ncha za vidole mpaka jioni."

Mkaguzi alicheka kicheko ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekisahau. Tangu alipostaafu, watu wa nje ya jengo walimwita bibi, wakampisha kwenye foleni, basi. Kijana alitoa picha za majengo yanayong'aa na kuahidi kila walichouliza kabla hawajamaliza kuuliza. Ilikuwa ni kilemba cha ukoka, naye alikivaa na kukiweka sawa kichwani.

Hata hivyo kazi ya zamani haikumtoka yote. Alisema kamati isingeamua kabla haijaona kwa macho yake jengo moja wanalolisimamia.

"Bila shaka!" Meneja alisema. "Jumamosi asubuhi nitawaletea gari."

Hapo ndipo alipotakiwa kukataa. Neno lilimfikia mpaka kwenye ulimi. Akalimeza, akasema, "Jumamosi ni sawa."

Walipelekwa. Ukumbi wa kuingilia ulinuka rangi mbichi. Viti vilikuwa vimepangwa, juisi baridi ikamiminwa, na mwenyekiti wa wakazi wa pale akasifia kampuni kwa maneno mazuri yaliyofuatana vizuri mno. Waliingizwa kwenye lifti, wakapanda, wakashuka. Ilikwenda laini kabisa. Dereva, ambaye hajui kutulia kwenye kiti, aliinuka.

"Ngoja nikachungulie huko nyuma."

Mkaguzi alimvuta shati. "Kaa chini. Usitutie aibu."

Wakati huohuo mwanamke mmoja aliingia kwa mlango mkubwa akiwa na ndoo ya maji kichwani. Aliwatazama wageni, akamtazama Meneja, akapitiliza kwenye ngazi bila salamu. Mkaguzi aliiona ndoo ile. Alimsikia yule mwanamke akipanda taratibu, akitua, akipanda tena. Mtu anayeteka maji nje kwenye jengo lenye mabomba ana habari ya kumpa mkaguzi yeyote. Mkaguzi alikunywa juisi yake.

Baada ya kamati kutia saini mkataba na kampuni yake, Meneja hakuonekana tena. Walipopiga simu kumuuliza, waliambiwa yeye kazi yake ni kutafuta wateja na sasa yuko kwingine. Aliyepokea simu leo siye aliyepokea jana. Taa za korido zilikufa moja baada ya nyingine. Mafundi walikuja sura mpya kila mara, na mmoja wao alikuja mikono mitupu, akaazima spana ya Dereva, akaondoka nayo. Lifti ilianza kwa kulalamika, ikawa inasitasita, halafu siku moja ikagoma kabisa. Kampuni ikasema kipuri kiko njiani. Kikabaki njiani mpaka Dereva akasema labda kinakuja kwa miguu.

Mama Pindo hakushuka tena. Wateja wake walijitahidi mwanzoni, wakafika juu wakihema, wakaketi kwanza ndipo waseme wanataka nini. Baadaye wakapata washonaji wa karibu. Mkaguzi akawa ndiye mchukuzi: nguo za wateja waliobaki alizipandisha mwenyewe, zilizokamilika akazishusha, magoti yakimlia. Mama Pindo alimpokea mlangoni kwa mzaha uleule wa siku zote: "Karibu, tarishi wangu." Hakumlaumu hata siku moja. Afadhali angemlaumu.

Binti yake Mama Pindo, anayeishi mji mwingine, alikuja kumwona mama yake na kukuta hajakanyaga ardhi kwa muda mrefu. Alipoondoka, Mkaguzi alimwona akisimama chini na kulitazama dirisha la juu.

Ndipo alipopiga moyo konde. Aliiambia kamati kwamba kampuni ile lazima iondoke mkataba ukiisha, na kwamba safari hii atatafuta mwenyewe. Hakumpigia mtu simu. Siku ya mvua kubwa, siku ambayo hakuna anayengoja mgeni, alikwenda kwenye jengo linalosimamiwa na Mama Bisibisi. Alianzia nyuma, kwenye mapipa ya taka. Akapanda kwa ngazi mpaka juu, akatazama kama paa linavuja, akashuka kwa lifti. Akagonga milango. Wengine walimfungulia nusu, wengine wakampa kiti.

"Yule mama?" mkazi mmoja alimwambia, mtoto mgongoni. "Ukimpigia anakuja mwenyewe. Anakugombeza kwanza, halafu anatengeneza. Kupaka rangi ndiyo huwa mzito, utamkumbusha mpaka uchoke. Lakini maji hatujalala bila."

Mkaguzi alitoka pale amelowa chapachapa, moyo mwepesi. Alimpigia Mama Bisibisi papo hapo.

"Niliwaambia kuhusu ile mota," Mama Bisibisi alijibu.

"Ulituambia."

"Sasa sitakudanganya, mama. Si kazi ya leo wala kesho. Lakini tukianza, itatembea."

Kamati ilikubali bila ubishi. Jioni ileile Mkaguzi alipanda mpaka juu kupeleka habari. Alipumzika kila ghorofa, akiyapanga maneno, maana alitaka mwenzake acheke. Mlango ulikuwa wazi. Ndani binti alikuwa amerudi, akifunga mabunda kwa kamba, na cherehani imefunikwa shuka.

"Tumepata watu," Mkaguzi alisema, bado anahema. "Lifti itatengenezwa. Safari hii nimekagua mwenyewe, mlango kwa mlango."

Binti alisimama na kamba mkononi. "Asante, mama mkubwa. Lakini lini?"

"Wamesema si leo wala kesho," Mkaguzi alisema.

"Nimempangia chumba cha chini, karibu na kwangu," binti alisema kwa upole. "Anatoka nje akitaka. Ni kidogo tu, cherehani haitaingia. Kuna fundi wa mtaa wa pili atakuja kuichukua." Akatoka kwenda kutafuta vijana wa kubeba mizigo.

Wanawake wawili wakabaki. Mama Pindo alikuwa ameketi kitandani amevaa viatu vya kutokea, vile ambavyo havikuwa vimevaliwa kwa muda.

"Mlango kwa mlango?" aliuliza.

"Ndiyo. Hata mapipa ya taka nimeyachungulia."

"Kwenye mvua hii?"

"Kwenye mvua hii."

Mama Pindo alitabasamu kidogo, akamshika mkono uliolowa. "Kumbe hukusahau kazi." Akaitazama cherehani ndani ya shuka. "Sasa niambie, mwenzangu. Siku ile ya Jumamosi, mbona hukugonga hata mlango mmoja?"

Mkaguzi aliutazama mkono wa mwenzake juu ya wake.

"Niliona haya," alisema. "Sikutaka yule kijana ajue kwamba simwamini."