Mshale wa Gebeyehu

Gebeyehu, dereva wa teksi hapa Addis Ababa, aliniletea Lada yake gereji, mshale wa joto la injini unapanda na kushuka kama homa. Kila ulipopanda, alisimama kwa Etenesh, muuza kahawa wa mlima wa Entoto, ati injini ipoe. Abiria nao walikunywa vikombe vitatu, maana kuondoka kabla ya cha tatu, chenye baraka, ni matusi.

Nikakuta mpira wa rejeta umepasuka, maji yanavuja, hewa inaingia. Nikabadilisha mpira, nikajaza maji, nikatoa hewa. Mshale ukatulia tuli.

Kesho yake akaja amefura.

"Fundi, umeniharibia gari! Jana nimempita Etenesh bila kusimama. Sasa anauliza siku hizi nakunywa kahawa kwa nani."

"Si usimame tu, mjinga wewe!"

"Bila sababu? Watu watasema nini?"

Nikamfungia swichi chini ya kiti, ya kupandisha mshale.

Leo nimepanda teksi yake, nawahi harusi. Tulipofika kwa Etenesh akabonyeza swichi, akaukodolea macho mshale, akatikisa kichwa mbele ya abiria wote.

"Mnaona kazi za huyu fundi?"