Kikombe Kilichokataa Kulala

Juzi mjukuu wangu alitia haidrojeni peroksaidi kwenye maji yenye chumvi ya chuma, akapima kwa saa ya simu jinsi povu lilivyokimbia. Nilicheka hadi Nakuru nzima ikasikia, maana kazi hiyo niliiona kwa mama kabla sijaota meno ya pili.

Mama alikuwa dobi. Mchana mmoja alikuwa na kanzu ya bwana harusi yenye doa la chai, na dawa hiyo hiyo ya mjukuu wangu, yeye akiitumia kung'arishia nguo, iliyochoma pua. Ikikutana na maji yenye kutu, nguo hutoboka. Basi akajaribu kwanza kwa vikombe viwili, kimoja cha maji ya mvua, kingine cha maji ya bomba. Akatia dawa, akaanza kuimba wimbo aliokuwa akinilaza nao. Leo najua wimbo ule ulikuwa saa yake. Siku ile niliamini anavibembeleza vikombe.

Cha mvua kilitulia tuli. Cha bomba kikafura povu kama ng'ombe mwenye hasira, hata ubeti haujaisha. Mama akakimwaga uani.

"Mama, kwani amekosa nini?" nikauliza, nikikionyesha kikombe kitupu.

"Huyu? Hataki kulala!"

Mimi, mkataa usingizi wa kila mchana, nikarukia kitanda na kufumba macho hadi yakauma. Mama akaja, mikono ikinukia sabuni.

"Leo kuna nini, mwanangu?"

Akacheka, akaniimbia wimbo wote, kanzu ikimngoja. Nilishukuru kwamba sikumwagwa. Hadi leo ninashukuru, ila sasa ni kwa ule wimbo.