Mangi Hasifiwi

Mimi nina maradhi ya kutaka kujua mambo. Mama yangu alinikanya utotoni, mume wangu akanikanya ukubwani, wote wakachoka, na mimi sikupona. Kazi yenyewe inanichochea. Nashona nguo barazani, nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi, na cherehani yangu inatazamana na duka la kona. Anayekuja kununua kiberiti namwona, na anayerudi kwa sababu kasahau alichotumwa namwona pia. Kwa kutazama tu mifuko inayotoka pale naweza kukwambia nani ana mgeni na nani leo hapiki.

Mwenye duka tunamwita Mangi. Si jina lake. Hapa mjini muuza duka anayetoka Kilimanjaro ni Mangi, na hata asiyetoka huko, akishafungua duka, naye ni Mangi. Huyu wetu kweli ni wa huko. Kila Desemba anafunga duka anakwenda kwao kula sikukuu, na sisi tunabaki tukizunguka mitaani kutafuta chumvi huku tukimlaani. Ni mtu mrefu, mkimya, na sweta lake halimtoki hata jua likiwa la kuchemsha maji.

Kitu kilichonishangaza siku zote ni jinsi watu wanavyolisema duka lile. Mama lishe wa uchochoroni anapima mchele wake pale kila asubuhi, na kila asubuhi anauchota kiganjani, anaukunjia uso, anasema chenga tupu. Halafu anaununua. Jirani yangu wa upande wa kulia analalamika kwamba Mangi ni mbea: ukinunua mayai mengi kuliko kawaida, lazima akuulize nani kaja. Wengine wanasema paka wake analala juu ya gunia la maharage. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza saa, ambaye sote tunamwita Babu, yeye malalamiko yake ni soda. Anatoka kwake na fimbo, anasimama mbele ya duka, anaomba soda ya baridi, anaambiwa zimekwisha. Hapo ndipo anapolitukana duka kwa ufasaha ambao vijana wanasimama kuusikiliza.

Mgeni akisikia hayo atadhani Mangi kesho anafungasha. Lakini mtu wa Kariakoo haoni ajabu, kwa sababu sisi ndivyo tulivyolelewa. Ukienda sokoni ukashika kitambaa ukasema kizuri, umejimaliza mwenyewe. Muuzaji hapunguzi tena hata kidogo. Unatakiwa ukishike kwa vidole viwili, useme rangi itachuja, uanze kuondoka, na moyoni umeshajiona umekivaa. Kwa Mangi bei haipungui hata ulie, ila ulimi umeshazoea. Na kuna jambo la pili, lile la mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tunampenda, basi tunamponda asije akavimba kichwa.

Mwaka jana, mvua za vuli zilipokuwa zinaanza, akaja binti wa mwenye nyumba. Nyumba ile ya kona ni ya familia ya Kiarabu. Baba alishafariki, mama mtu yupo, mzee sasa, anaishi chumba cha nyuma. Binti kakulia Maskati. Kiswahili chake kizuri, cha adabu, lakini cha mtu aliyekitunza kabatini. Kwa siku mbili nilimwona akisimama na watu waliotoka dukani, baibui lake jeusi, simu mkononi, akiuliza kitu kwa upole. Watu walimjibu kwa furaha. Mama lishe alimweleza habari za chenga. Jirani alimweleza habari za umbea, na bila shaka aliongeza zake. Babu alimshika mkono na kumpa hotuba nzima juu ya soda.

Mimi nilikuwa nakereka kwa kuwa hajanifikia. Alipofika, akaniamkia, nikaitikia, akavuta kigoda. Akaniuliza: mimi kama mteja naonaje duka hili?

Sasa mimi swali silijibu kabla sijajua limetoka wapi. Nikamuuliza yeye anataka kujua kwa nini. Akaona haya kidogo, kisha akasema. Mkataba wa Mangi unakwisha. Kuna mfanyabiashara wa makava ya simu anaitaka ile fremu ya kona, na yuko tayari kulipa zaidi. Mama yake kamwachia yeye akate shauri kabla hajarudi Maskati. Yeye hakutaka kuamua kwa fedha tu. Alijiambia kwamba kama majirani wanalipenda duka, Mangi atabaki. Kama hawalipendi, hana sababu ya kumng'ang'ania. Akaitazama simu yake na kusema kwa masikitiko kwamba hajapata hata mtu mmoja wa kulisemea vizuri.

Nikaanza kumweleza haya ya vitambaa na mgema, na yeye akawa ananisikiliza kwa heshima ile ambayo mtu humpa mgonjwa anayepayuka. Akasema atafikiri mpaka keshokutwa.

Jioni ile nilipita mlango kwa mlango. Mama lishe alikaa chini kabisa. Jirani alisema sasa sisi tutanunua wapi, tule makava? Nikawaambia waende kwa yule binti wakaseme ukweli. Walikwenda, tena asubuhi na mapema, na ndipo walipoharibu kabisa. Mtu asiyezoea kusifia hajui kiasi. Mchele uliokuwa chenga jana leo ukawa haujapata kutokea. Mangi akawa malaika. Jirani yangu, ili kukata mzizi wa fitina, alisimama mbele ya duka akamsifu kwa sauti, mwenyewe akisikia.

Mangi aliacha kupima sukari. Akavuka barabara akaja kwangu, jambo ambalo halifanyi, akainama karibu na cherehani.

"Dada, niambie kweli," akasema. "Kuna habari gani mmeisikia kuhusu mimi? Nyumbani kuna msiba?"

Sikumlaumu. Mtaani kwetu anayesifiwa hadharani ni marehemu. Nikamwambia hakuna msiba, na sikuwa na moyo wa kumwambia zaidi, maana mpaka wakati ule binti alikuwa hajazungumza naye. Lakini nilimwona anarudi kwake akijipapasa kifua kama anayehakikisha yupo.

Binti naye hakudanganyika. Alinijia mchana akiwa amekunja uso. Jana hivi, leo vile, alisema. Huyu mwenye duka amewapa nini? Ukweli wa kwanza ulikuwa uongo, na wa pili ulikuwa ukweli lakini ulinuka uongo. Niliona hasira, na hasira yangu ilikuwa juu yetu sote, kwa midomo yetu hii ambayo haina gia ya katikati.

Nikaagiza soda nipoze koo. Mtoto mmoja wa mtaani akaniletea kutoka kwa Mangi, ya baridi, inatoka jasho. Nikainywa nusu ndipo akili ikanishtuka. Babu alikuwa ameambiwa asubuhi ile ile kwamba soda zimekwisha. Na jana. Na siku zote. Friji la Mangi lina mlango wa kioo, linatazama barabarani, na nilipoinua macho niliziona chupa zimepangwa mpaka juu. Nilikuwa nimekaa mkabala wa friji lile miaka na miaka, mimi ninayejisifu kwa kuona, na sikuwahi kujiuliza.

Nikavuka. Nikamuuliza Mangi kwa nini anamnyima Babu soda. Alijifanya hakunisikia, akapanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikang'ang'ana.

"Mguu wake umeuona?" akasema mwishowe. "Kile kidonda hakiponi. Mzee ana kisukari yule. Nikimuuzia, kesho nani atakuja kunitukana?"

Basi nikarudi kwenye kigoda nikiwa na kazi ya kufikiria. Nikaanza kuyapitia malalamiko yote upya. Jirani analalamika kwamba Mangi anauliza nani kaja. Lakini ni yeye yule ambaye mwaka mmoja alipolala na homa, hana mtu ndani, Mangi alimgongea mlango kwa kuwa hajamwona akija kuchukua mkate. Mama mmoja analalamika kwamba Mangi anawanyima watoto wake pipi. Kumbe mwenyewe ndiye aliyewahi kusema mbele ya duka kwamba meno ya wanawe yanaoza. Sisemi kila kero ilikuwa wema. Paka analala kweli kwenye maharage, na hilo halina utetezi. Ila nyingine zilinifanya nione haya.

Asubuhi iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya binti kukata shauri. Nikamwomba aje akae nami barazani kidogo tu, aangalie bila kuuliza kitu. Akaja, nadhani kwa adabu zaidi kuliko imani. Babu akatokea na fimbo yake, akasimama mbele ya duka, akaomba soda. Mangi, bila kugeuka kulitazama friji, akasema zimekwisha. Babu akalipasha duka lile, leo akaanzia kwa babu zake Mangi, kisha akaanza kurudi.

Binti alikuwa ameliona friji. Nilitaka kumweleza, nikachelewa. Alikwishasimama, amemzuia Babu katikati ya njia, uso umemwiva kwa uchungu wa haki.

"Babu, shikamoo. Soda zipo," akamwambia. "Nimeziona kwa macho yangu. Anakudanganya."

Nilifumba macho. Nilisema moyoni, basi, nimekwisha kumpotezea Mangi duka na Babu heshima yake kwa mkupuo mmoja. Mangi alisikia. Alisimama nyuma ya kaunta, mikono juu ya mizani, kichwa chini.

Babu akaegemea fimbo. Hakuonekana kushtuka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi nimefungua saa maisha yangu yote, zile ndogo za kike. Nitashindwa kuona chupa kwenye kioo?"

Binti akauliza, sasa kwa nini kila siku anakuja kuomba.

"Kona ile pale ukiomba wanakupa," Babu akasema, akaonyesha kwa fimbo upande wa sokoni. "Wanakupa na mrija. Roho yangu mie inataka soda kila asubuhi, siwezi kuikataza, nimejaribu. Basi naileta hapa inyimwe."

Akaomba apishwe. Akaenda zake taratibu, mguu ule mbaya akiuvuta, mpaka alipokata kona.

Mimi nililia, sioni sababu ya kuficha. Binti hakulia. Alisimama palepale barabarani mpaka mkokoteni wa magunia ukampigia kelele, ndipo akavuka kwenda dukani. Nami nikamfuata, maana sikuwa na nia ya kusimuliwa. Alimwambia Mangi kwamba mtu wa makava atafute pengine, na kwamba baada ya alasiri aje nyuma waandikishane. Mangi alikuwa hajui hata kama kulikuwa na mtu wa makava. Akamtazama binti, akanitazama mimi, akajifutia mikono kwenye sweta, akasema asante kwa sauti ndogo sana.

Binti hakuondoka. Aliipapasa kaunta kama anatafuta kitu kilichodondoka. Kisha akasema keshokutwa anarudi Maskati, na mama yake anabaki peke yake kule nyuma na msichana wa kazi ambaye kila anachotumwa analeta. Akasema mama ana presha. Akasema daktari amemkataza chumvi, na mama haachi achari, anaificha hata chini ya mto, na yeye akiwa mbali hawezi kujua.

Mangi alimsikiliza mpaka mwisho. Ndoo ya achari ya ndimu ilikuwa nyuma ya kisigino chake, imefunikwa kwa kitambaa.

"Mama yako nilishamwambia tangu mfungo," akasema. "Achari siku hizi haziji."